Kupima betri za Muheza nikiwa Tanga: shajara ya mradi

Kaka yangu ni fundi sola, ana karakana Muheza. Kila wiki analetewa betri zilizokwisha kutumika na swali lilelile: hii bado nzima au nitupe? Mita peke yake haimpi jibu. Betri ya risasi iliyochoka ukiichaji vizuri na kuipumzisha inasoma volti 12.7 sawasawa na mpya, kisha ukiitwisha taa na friji inaanguka kabla ya saa tatu usiku.

Jibu la kweli linapatikana kwa kuinyonya betri mpaka iishe huku ukihesabu umeme uliotoka. Betri ya 12 V yenye 100 Ah (ampea-saa, yaani ampea mara saa) hupimwa kwa saa 20: ampea 5 mfululizo, na unakoma volti zikifika 10.5, yaani 1.75 kwa kila seli. Hakuna mtu wa kukaa saa ishirini akitazama namba. Mimi kazi yangu iko Tanga mjini, kilomita kama 35 kutoka kwake, na Muheza nafika Jumamosi tu. Kaka naye kompyuta si mambo yake. Ndiyo maana nikaanza mradi huu: kipimo kifanyike karakanani, mimi nikiendeshe kutoka nyumbani. Kila hatua ikikamilika naongeza kipande hapa, pamoja na gharama na palipoharibika.

10 Februari 2024. Kifaa kimefika, waya zimenidanganya

Nimenunua mkononi kwa mtu mzigo wa kielektroniki wa wati 200, shilingi 850,000. Ni kifaa kinachonyonya umeme kwa kiwango unachokitaka na kuugeuza joto, na nyuma kina tundu la waya wa mtandao. Ampea 5 kwa volti 12 ni wati 60, hivyo hakichoki. Programu yake nimeiweka kwenye laptopu ya zamani. Kufunga na kuwasha hakukuwa na tabu.

Tabu ilikuwa kwenye matokeo. Betri ambayo kaka aliifungua boksi juzi ilitoa 84 Ah. Tukaanza kumshuku muuzaji. Kabla ya kumpigia simu nikachukua mita nikapima volti kwenye vichwa vya betri wakati inanyonywa: 11.90. Kwenye skrini ya kifaa: 11.66. Tofauti ya 0.24 ilikuwa imepotelea njiani.

Hesabu yake ni hii. Nilitumia waya wa 1.5 mm², mita mbili kwenda na mita mbili kurudi. Shaba ya unene huo ina ukinzani wa takriban miliomu 12 kwa mita, kwa hiyo mita nne ni miliomu 48, na ampea 5 zikipita hapo unapoteza volti 0.24. Kifaa kilikuwa kinakoma kikidhani betri imefika 10.5 kumbe bado iko 10.74. Nimeongeza waya mbili nyembamba kutoka kwenye vichwa vya betri hadi kwenye matundu ya kupimia ya kifaa. Waya hizo hazibebi mkondo wa maana, kwa hiyo hazipotezi kitu. Waya nene zinanyonya, nyembamba zinasoma. Betri ileile imetoa 97 Ah. Waya na vibanio: 27,000.

24 Februari 2024. Kuleta skrini nzima Tanga

Nilianza na njia iliyonijia kwanza: nione skrini ya laptopu ya Muheza nikiwa nyumbani, nishike kipanya chake kama nimekaa mbele yake. Niliweka programu ya kutazama skrini kwa mbali, ruta ndogo ya laini ya simu, basi.

Usiku wa kwanza bando la GB 2 liliisha saa saba. Programu ya kipimo huchora mstari unaosogea kila sekunde, na kila ukisogea picha mpya ya skrini inasafirishwa. Nikapunguza rangi na ukubwa wa picha. Bando likadumu, lakini kipanya kikawa kinafika nimekwisha kusahau nilibofya nini. Mara moja nilibofya kitufe cha kusimamisha, nikaona hakuna kilichotokea, nikabofya tena. Mibofyo yote miwili ikafika pamoja: wa kwanza ukasimamisha, wa pili ukawasha upya.

Usiku wa nne laptopu ikajizima na kujiwasha yenyewe ili kuweka masasisho. Programu ya kipimo haikurudi, na saa kumi na moja za data zikapotea kwa sababu ilikuwa inahifadhi faili mwishoni tu. Njia hii nimeiacha. Inafaa kwa kumsaidia mtu kurekebisha mipangilio yake, si kwa kazi ya saa ishirini.

9 Machi 2024. Kuzungumza na kifaa moja kwa moja

Vifaa vingi vya kupimia vyenye tundu la mtandao vinaelewa lugha iitwayo SCPI, iliyowekwa mwaka 1990 ili vifaa vya viwanda tofauti viamrishwe kwa maneno yanayofanana. Ni maandishi matupu. Unatuma `*IDN?` na kifaa kinajitaja jina, namba na toleo lake. Unatuma `MEAS:VOLT?` kinakurudishia volti. Kwa hiyo picha ya skrini haina kazi. Jibu zima la volti ni herufi zisizozidi ishirini.

Nimepoteza jioni nzima kwa sababu kifaa hakijibu. Muunganisho ulikubali, amri ilitoka, kimya. Kosa lilikuwa herufi moja ya mwisho: kifaa kinasubiri alama ya mstari mpya ndipo kijue amri imekwisha. Kwenye Python, lugha ninayoandikia programu, kwa maktaba ya PyVISA ya kuzungumza na vifaa, unaweka `write_termination` na `read_termination` kuwa `\n` unapotumia soketi, yaani muunganisho wa moja kwa moja kupitia mtandao. Nilipoweka, jibu lilikuja papo hapo.

Likabaki suala la kufika Muheza. Nilijaribu kufungua mlango kwenye ruta ili niingie kutoka nje, haikuwezekana. Mtandao wa simu unawaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma. Tazama anwani ambayo ruta yako imepewa upande wa nje: ikianzia 100.64 hadi 100.127, uko humo, na hakuna mlango utakaofungua ukaonekana kutoka nje. Nimekodi seva ndogo iliyoko Ujerumani, dola 5 kwa mwezi, na pande zote mbili zinaipigia kwa WireGuard, programu inayochimba handaki la siri ndani ya intaneti. Upande wa Muheza weka `PersistentKeepalive = 25`, la sivyo mtandao wa simu unaisahau njia baada ya muda mfupi wa ukimya na handaki linakufa bila taarifa.

Tafadhali, hili msilipuuze: mlango wa SCPI hauna nywila. Yeyote anayeufikia anaweza kuwasha kifaa, kupandisha ampea, kufanya atakalo. Usiuweke wazi kwenye intaneti hata kwa dakika tano za majaribio. Upite ndani ya handaki tu.

23 Machi 2024. Betri ya mteja imeharibika

Naliandika hili kwa urefu kwa sababu limenitia uchungu.

Programu yangu ya Python ilikuwa inaendeshwa kwenye kompyuta ya nyumbani Tanga. Kila sekunde kumi inauliza volti za Muheza, inaziandika, na zikishuka chini ya 10.5 inatuma amri ya kuzima. Siku tatu ilifanya kazi vizuri. Kwa kuwa mtandao ulikuwa unachelewa na vipimo vinakatika kwa kupitiliza muda, niliondoa kikomo cha kusubiri. PyVISA kwa kawaida husubiri sekunde mbili kisha hulalamika. Mimi nikaiambia isubiri mpaka jibu lije.

Usiku wa kuamkia Alhamisi, saa nane na dakika kumi na nne, mtandao ukakatika. Mstari wa mwisho kwenye faili langu unasoma volti 11.02. Programu ikabaki inasubiri jibu, kwa utii, kama nilivyoiagiza. Kule Muheza kifaa kiliendelea kunyonya ampea 5, kwa sababu hakuna aliyekiambia kiache.

Niliamka saa kumi na moja alfajiri nikaona faili limesimama. Nikampigia kaka.

"Kaka, samahani kwa kukuamsha. Nenda karakanani ukazime kile kifaa cha betri, tafadhali."

"Kuna nini, mdogo wangu?"

"Kizime kwanza. Kisha unisomee volti."

Akanisomea 2.4. Betri ya 12 V iliyofikishwa hapo seli zake dhaifu zimekwisha kugeuka, chanya imekuwa hasi, na salfeti imeganda kwenye bamba. Tuliichaji siku mbili taratibu. Ilitoa 31 Ah. Ilikuwa ya mama mmoja anayeuza vinywaji baridi, aliileta kwa wasiwasi tu, na inawezekana ilikuwa nzima kabisa. Kaka amemlipa 180,000 bila kubishana, na hakunilaumu hata kwa neno, jambo ambalo lilinikaa moyoni zaidi.

Nimekaa siku mbili nikichora upya mpango wote. Kosa halikuwa mtandao kukatika. Mtandao wetu unakatika na hilo ninalijua. Kosa ni kwamba uamuzi wa kuzima niliuweka Tanga, wakati hatari iko Muheza. Sasa uamuzi umehamia kwenye benchi lenyewe, na una ngazi tatu zisizotegemeana. Ya kwanza ni programu, ambayo sasa iko kwenye Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo, iliyounganishwa na kifaa kwa waya wa mita moja. Ya pili ni kifaa chenyewe: kina mpangilio wa kukoma volti zikifika kiwango fulani, nimeuweka 10.3. Mpangilio huo ulikuwepo tangu siku ya kwanza na sikuugusa. Ya tatu ni kontakta, swichi kubwa ya umeme, inayoshikwa na relei (swichi ndogo) ya Pi: programu isipotoa ishara kwa sekunde thelathini, au Pi ikikosa umeme, kontakta inaachia na betri inatengana na kila kitu. Kwenye kichwa cha betri kuna fyuzi ya ampea 10.

Pi na boksi, kadi na chaja: 310,000. Relei na kontakta: 38,000. Laptopu imerudi kwa watoto.

Kutoka Tanga sasa natuma maagizo machache tu: anza, simama, hali ikoje, nipe faili. Kipimo kila sekunde kumi ni mistari 8,640 kwa siku, kila mmoja kama baiti 60, jumla nusu MB. Linganisha na GB 2 za usiku mmoja.

6 Aprili 2024. Majibu yaliyochelewa zamu

Betri nzuri imesimamishwa baada ya saa tatu, ripoti ikasema 15 Ah. Kaka alikuwa karibu kumwambia mwenye mali aitupe. Nilifungua faili nikakuta hivi:

21:40:10 volti 12.31 ampea 5.00
21:40:20 volti ---- ampea 12.31
21:40:30 volti 5.00 SIMAMA

Soma mstari wa pili polepole. Programu iliuliza volti, kifaa kikachelewa, sekunde mbili zikapita, programu ikaandika vistari na kusonga mbele kuuliza ampea. Ndipo jibu la volti likafika, likapokewa kana kwamba ni la ampea. Kuanzia hapo kila jibu lilikuwa la swali lililotangulia. Duru iliyofuata, swali la volti likajibiwa kwa ampea za duru ya nyuma: 5.00. Programu ikaona volti 5, ikazima. Ilifanya sahihi kwa taarifa mbaya.

Kilichochelewesha ni kijana wa karakanani aliyekuwa akibonyeza vitufe vya mbele ili aone joto. Sina ugomvi naye, kifaa kiko pale kitazamwe.

Marekebisho ni matatu. Muda ukipitiliza, programu inafunga soketi na kuifungua upya, ili majibu yaliyobaki njiani yafe nayo. Pili, volti na ampea naziuliza kwa mstari mmoja, `MEAS:VOLT?;:MEAS:CURR?`, na majibu yanarudi pamoja yametenganishwa kwa nukta mkato. Kimoja kikikosekana natupa vyote. Tatu, kipimo chochote ambacho ampea zake haziko kati ya 4.9 na 5.1 hakihesabiwi, na kuzima kwa kawaida kunahitaji vipimo vitatu mfululizo chini ya 10.5.

27 Aprili 2024. Saa iliyorudi nyuma

Umeme ulikatika Muheza mara mbili wiki hii. Kontakta iliachia kama ilivyopangwa, na nilifurahi kuisikia kwenye simu kaka alipokuwa karibu nayo, tak. Ila uliporudi, betri moja ilionekana kutoa 212 Ah, jambo lisilowezekana kwa betri ya 100.

Raspberry Pi 4 haina betri ya saa. Ikiwaka bila intaneti inaendelea na saa iliyoikumbuka mara ya mwisho, kisha mtandao ukirudi inajisahihisha kwa kuruka. Mimi nilikuwa nazidisha ampea kwa tofauti ya saa ya ukutani, kwa hiyo mruko wa saa ishirini na kitu ukahesabiwa kama umeme uliotoka. Sasa hesabu inatumia `time.monotonic()`, ambayo inaenda mbele tu na haijali tarehe. Kwa ajili ya majina ya faili nimeongeza kisaa cha DS3231, 15,000.

Nimeweka pia kanuni: kipimo kikisimama zaidi ya dakika kumi, kinafutwa. Betri ikipumzika inajirudishia nguvu kidogo na matokeo hayawezi kulinganishwa na ya nyingine. Kaka aliona ni ukali, kwa sababu ni siku nzima inapotea. Mimi nashikilia hapo. Mtu anaamua kununua au kutonunua betri kwa namba yetu.

18 Mei 2024. Wiki ya nyaya za baharini

Jumapili ya tarehe 12 nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari upande wa kusini mwa Afrika ziliharibika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Betri namba 5 ilikuwa imeunganishwa tangu Jumamosi. Handaki likafa.

Nilimpigia kaka. "Taa ya kijani inawaka?"

"Inawaka. Na feni inazunguka. Tulia, mdogo wangu."

Kipimo kiliisha chenyewe, kontakta ikaachia, faili likabaki kwenye kadi likinisubiri: 71 Ah. Miezi miwili nyuma ingekuwa betri ya pili kulipia.

Lakini siku hizo niliona jambo ambalo ningepaswa kuliona mapema. Mimi na kaka tumetenganishwa na mashamba ya mkonge na michungwa, kilomita 35, na ujumbe wangu ulikuwa unakwenda Ujerumani na kurudi ili kumfikia. Simu za kawaida na SMS hazikutetereka wiki ile. Kwa hiyo nimechomeka modemu ya USB kwenye Pi, 45,000, yenye laini yake. Programu inaisoma kwa amri za AT, lugha ya maandishi ya modemu: `AT+CMGF=1` kuiweka katika hali ya maandishi, `AT+CMGL="ALL"` kuorodhesha jumbe zilizoingia, `AT+CMGS` kujibu. Inakubali namba mbili tu, yangu na ya kaka, na maneno mawili tu, HALI na SIMAMA. Kuanza kwa SMS sikuruhusu. Ujumbe unaweza kuchelewa saa nzima, na usimamishaji uliochelewa haudhuru kitu ilhali uanzishaji uliochelewa unaweza kukuta mtu ameshika vibanio.

Futa jumbe ukishazisoma. Siku ya tatu nafasi kwenye laini ilijaa na modemu ikaacha kupokea, nikadhani imeungua.

Kilichonifurahisha ni kaka. Alituma HALI kwa simu yake ya kitochi, akajibiwa: BETRI 6 V 11.62 A 5.00 AH 63.4 SAA 12:41. Akanipigia kunisomea yote, herufi kwa herufi, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa sijui. Tangu siku hiyo hanipigii kuuliza betri imefikia wapi.

15 Juni 2024. Hali ilivyo na gharama

Betri kumi zimepimwa. Nne zilipita 80 Ah, tatu ziko kati ya 50 na 80, na tatu, pamoja na ile niliyoiua, zilikuwa chini ya 50. Karatasi ya mchoro wa kila betri kaka anaibandika ubavuni mwake.

Vifaa vyote vimegharimu 1,285,000. Ukiongeza fidia ya mama wa vinywaji, 1,465,000. Kila mwezi ni dola 5 za seva, bando la 10,000 ambalo halijawahi kuisha, na salio la SMS. Ningeanza leo, mzigo wa kielektroniki na Pi ningenunua palepale, na kontakta ningeifunga kabla sijagusa hata mstari mmoja wa programu.

Bado joto sijalishughulikia vya kutosha. Uwezo unaoandikwa kwenye betri kwa kawaida ni wa nyuzi 25, na karakana mchana inazidi hapo, kwa hiyo betri iliyopimwa siku ya jua inapendelewa kidogo. Kihisi cha joto kimefungwa tangu jana, kinaandika kila dakika. Hesabu ya kusahihisha bado.

Betri namba 11 imeunganishwa leo saa tano asubuhi. Ni ya mama wa vinywaji, ile mpya aliyoinunua kwa fidia, na ameomba mwenyewe ipimwe kabla hajaifunga dukani. Saa mbili usiku huu inasoma 12.18, Ah 45.0.